Frigo ya Kulainisha Nyama

Nyuma ya nyumba yetu, hapa Uvira, pana kipande cha ardhi ambacho sipandi kitu. Mboga za lengalenga zinaota pembeni, mihogo ya jirani inachungulia juu ya ukuta, lakini pale katikati sigusi. Daktari wa mifugo alitukataza kuchimba pale, sisi, watoto wetu na watakaozaliwa na watoto wetu. Chini kuna chokaa, majivu, mifupa ya mnyama mmoja wa porini, na frigo. Wageni wakiniuliza mbona naacha udongo mzuri hivyo, huwa nawajibu kwa mkato. Leo nina moyo wa kueleza, basi nisikilizeni na msinikatize.

Frigo ile ililetwa kwa sababu ya meno ya mama mkwe wangu.

Mimi ni mtu wa ziwa. Nimekulia kwenye harufu ya ndagala zinazoanikwa mchangani, na mpaka leo nauza samaki sokoni. Mume wangu ni mtu wa uwanda wa Ruzizi, mtoto na mjukuu wa wawindaji. Tangu tuoane tunataniana. Yeye ananiita binti magamba, minye namwita bwana mifupa. Baba yake alipofariki, tulimleta mama yake akae nasi mjini. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho makali na maneno machache, na nilimpenda. Nasema hivyo wazi kwa kuwa najua watu husemaje kuhusu wakwe. Yule alikuwa mama yangu.

Tatizo lake lilikuwa moja tu, meno yalikuwa yamemwisha. Kwao nyama ya pori hukaushwa kwa moshi mpaka inakuwa nyeusi na ngumu, na ndivyo alivyoipenda maisha yake yote. Sasa mwanawe akimletea kipande, alikitia mdomoni, akakizungusha huku na huku, kisha akakitoa kwa adabu na kukificha kwenye pindo la kitenge. Alidhani hatumwoni. Siku moja mume wangu alimwona, akaacha kula, akatoka nje.

Zamani aliwahi kufanya kazi Bujumbura, kwenye chumba baridi cha mchinjaji. Huko aliona ng'ombe wakitundikwa siku kadhaa bila kuguswa, na nyama ikitoka laini kama mkate. "Nyama lazima ilale," alikuwa akituambia. "Ninyi munaipika ingali na hasira." Akaapa mbele yetu sote kwamba mama yake atakula nyama ya pori tena kabla hajafa, ataitafuna kwa fizi zake mwenyewe, na hataficha kitu kwenye kitenge. Mama akacheka, akaziba mdomo kwa mkono. Laiti angalimkanya palepale.

Ilikuwa frigo ya baa, ile ndefu yenye mlango wa kioo, iliyokuwa imezoea kusimama mbele ya wanywaji imejaa bia. Mume wangu aliinunua Bujumbura, ikavuka mpaka juu ya mkokoteni, imelazwa ubavu na kufungwa kwa kamba. Fundi wa frigo alipoiona imelala hivyo alipiga kelele kana kwamba ni mgonjwa. Akaagiza isimamishwe, iachwe mpaka kesho yake bila kuwashwa, eti mafuta ya moteri yarudi mahali pake. Basi ikasimama uani, chafu, mlango wazi, na ndani ilitoa harufu ya bia ya zamani na kitu kingine ambacho sikukijua.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri kutazama, siwezi kusema uongo. Walitoa rafu zote. Mume wangu alitaka chuma kipite juu, kutoka ukuta hadi ukuta, lakini fundi alikataa. Aligonga ubavu wa frigo kwa kidole. "Unasikia? Ndani iko sponji tupu. Utatundika mnyama hapa, kuta zitafuata mnyama." Kwa hiyo wakachomelea fremu ya chuma cha kujengea, yenye miguu minne, kama goli dogo la watoto, wakaisimamisha ndani ili uzito wote ukae sakafuni. Kulabu walizikunja kwa nyundo. Wakaongeza feni ndogo ya kuzungusha baridi, wakabadilisha kile kidude cha kupimia baridi maana cha bia hakikutosha. Tundu la kutolea maji wakalipanua, wakatia mpira, na chini ya mpira nikaweka beseni langu la samaki.

Fundi alipomaliza alifuta mikono, akaitazama kazi yake. "Hii mashine ilizoea chupa," akasema. "Sasa ijifunze maiti."

Watu wakacheka. "Toka hapa na mdomo wako!" nikamwambia.

Nilitaka tuzibe kile kioo kwa katoni. Mume wangu hakutaka hata kusikia. Alitaka mama aione nyama yake ikilala. Basi mama akawekewa kiti chake cha mianzi pale barazani, mbele ya kioo, na frigo ikawashwa ikiwa tupu. Taa yake nyeupe ilikuwa inawaka mchana kutwa, umeme ukiwapo. Feni ilipuliza, na kulabu tupu zikagongana taratibu, ti, ti, ti. Mama aliketi akizitazama huku akichambua maharage. Mimi nilikuwa napita pale nikiangalia chini.

Na tupu ikabaki. Huko milimani na huko uwandani si kama zamani. Vichaka vimefyekwa, na vile vilivyobaki vina watu wenye bunduki ambao hutaki kukutana nao. Mume wangu alitoka na mbwa wake asubuhi, akarudi jioni na matope peke yake. Mitego yake ya waya ilinasa majani. Majirani nao, mnawajua majirani. "Baba, nyama imelala ao imekimbia?" "Frigo ya kupoza upepo hiyo!" Waendesha pikipiki wa pale kona walikuwa wanampigia honi na kuuliza bei ya kilo ya hewa. Alikuwa anacheka nao, halafu akiingia ndani hasemi. Mimi mke wake nilijua kicheko kile hakikuwa kicheko.

Siku zilezile, mama mmoja anayeshuka kutoka upande wa Mulenge na maziwa alikaa karibu nami sokoni. Akaniambia ng'ombe wanakufa huko juu. Hawaugui hata, alisema, jioni wanakula majani, asubuhi wamelala na damu nyeusi puani, na wachungaji wanawachoma moto badala ya kuwala. Alikuwa amejifunga mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi, na jua lilikuwa kali. Jioni nilimwambia mume wangu. "Ng'ombe ni ng'ombe," akajibu. "Minye siwindi ng'ombe."

Kisha akaja na pongo.

Pongo ni swala wa vichakani, mwenye madoa meupe mgongoni. Alishuka naye kutoka milimani kwa miguu, amembeba shingoni, miguu ya mbele huku na ya nyuma huku, na kichwa kikicheza juu ya bega lake. Ilikuwa alasiri. Mtaa mzima ulimfuata. Waendesha pikipiki walizima moteri wakashangilia. Mama alisimama bila kushikwa mkono. Nami nilifurahi, nilipiga vigelegele mpaka koo likauma, sikatai. Ila niliona mbwa. Mbwa aliyekimbiza mnyama hurudi ulimi nje, ubavu ukipanda na kushuka. Wale wetu walikuja wakavu, wametulia, wakaenda kulala mbali kabisa, kwenye kivuli cha choo.

Sasa lazima niwaeleze desturi ya ukoo wa mume wangu, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Mwindaji akirudi na nyama haulizwi. Hata neno moja. Anatoa ini, analichoma yeye mwenyewe kwenye makaa, na kumpa mkubwa wa nyumba. Mkubwa analila lote, mbele ya watu. Akimaliza, ndipo mwindaji anasimama kueleza mnyama alivyoanguka, tangu mwanzo hadi mwisho. Na mkubwa anafunga kwa kusema, "Nimekula, nimesikia." Likishatamkwa neno hilo, hadithi haiulizwi tena wala haibadiliki. Kumhoji mwindaji baada ya hapo ni kumtukana mbele ya nyama yake.

Mume wangu akampasua pongo pale uani. Tumbo lilikuwa limeshaanza kujaa. Alifanya haraka, ametupa mgongo, akatia matumbo kwenye gunia na kulifunga mwenyewe, kitu ambacho siku zote aliniachia mimi. Ini akaliweka juu ya makaa. Lilikuwa jeusi kupita maini niliyoyaona, na lilikuwa linamong'onyoka, vipande vikianguka motoni, naye akiviokota kwa vidole na kuvipuliza. Akamletea mama kwenye sahani ya bati, akapiga goti.

Mama aliitazama ile sahani. Aliitazama muda mrefu hata watoto wakaacha kelele. Halafu akainua macho akamtazama mwanawe, pale alipopiga goti, uso unang'aa kwa jasho na furaha, na nyuma yake wale wote waliokuwa wakimcheka. Akaanza kula. Alikula taratibu, kipande baada ya kipande, hakuficha kitu kwenye kitenge. Akafuta sahani kwa kidole.

Mume wangu akasimama, akaeleza. Ee, alieleza! Jinsi mbwa walivyonusa, jinsi pongo alivyogeuka kwenye korongo na kuwaonyesha pembe, jinsi yeye alivyoteleza, akainuka, akautuma mkuki nyuma ya bega. Aliteleza mbele yetu, akainuka mbele yetu. Watu walipiga makofi mpaka kuku wakaruka. Tukanyamaza kumsikiliza mama.

"Nimekula," mama akasema.

Tukangoja. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Munisaidie nisimame," akasema. "Mugongo unaniuma."

Watu wakapiga makofi tena, wakidhani ni uzee. Na mimi nilidhani ni uzee. Mume wangu alimshika mkono, akamwinua bila kuwatazama watu.

Pongo akatundikwa kwa miguu ya nyuma kwenye goli la chuma, na mlango wa kioo ukafungwa. Shimo la mkuki lilikuwa nyuma ya bega kama alivyosema. Lakini lilikuwa safi. Mimi nakata samaki tangu nikiwa binti mdogo, wazima na waliokufa, na najua kisu kinavyoacha alama kwa huyu na kwa yule. Shimo lile halikuwa na damu pembeni. Nikauma ulimi. Neno lilikuwa limeshatamkwa, ama nusu yake, na minye kwa ukoo ule ni mgeni aliyeolewa.

Tone likaanza kudondoka. Kila nikipita, mpira ule unatoa tone kwenye beseni. Tulisema ni maji ya frigo. Umeme ulikatika na kurudi, kama kawaida yake, basi tukasema barafu inayeyuka. Fundi aliitwa, akaingiza kichwa, akasafisha tundu, akasema mashine iko sawa. Nikamwaga beseni, likajaa tena. Yaliyomo yalikuwa mekundu ya kuelekea weusi, mazito, na hayakuganda. Hilo ndilo lililoniondolea usingizi. Damu ya samaki inaganda, ya kuku inaganda, ya mtu inaganda. Hii ilikaa ndani ya baridi, siku ya pili na siku iliyofuata, ikitembea kama mafuta ya taa. Nzi walijaa juu ya kioo kwa nje, wakitafuta pa kupita. Mama hakukaa tena kwenye kiti chake. Alisema taa ile inamuumiza macho.

"Baba watoto," nikamwambia mume wangu, "hii damu haigandi."

"Weye uko unajua samaki."

"Najua damu!"

"Mama watoto, acha." Alikuwa amejifunga taulo shingoni, na joto la Uvira mnalijua. "Ndugu zangu wanakuja siku ya Mungu. Nyama iko inalala. Acha ilale."

Nilikuwa na hasira, nilikuwa na hofu, na vyote viwili sikuwa na pa kuvipeleka. Ukoo mzima ulikuwa umealikwa baada ya misa, waje wale nyama laini pamoja na mama. Nilinunua unga, nikanunua ndizi. Nikipika, nasikia feni inapuliza nyuma ya mgongo wangu na lile tone linalia kwenye beseni.

Mama akashikwa na homa kabla ya siku ile kufika. Tukasema malaria, nani hana malaria hapa? Halafu tumbo likamkaza, likavimba. Akatapika, na alichotapika kilikuwa na rangi niliyoijua, maana nilikuwa naimwaga kila siku kutoka kwenye beseni langu. Nilipiga kelele. Mume wangu alimbeba mama yake mgongoni kama mtoto mpaka barabarani, tukapanda pikipiki, mama katikati yetu, hadi kituo cha afya.

Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa dada mmoja mtulivu. Alimlaza mama, akamshika tumbo, akamwekea maji ya mshipa. Kisha akainua macho na kumwona mume wangu. Taulo lilikuwa limeanguka njiani. Pale shingoni, pale pongo alipolala njia nzima kutoka milimani, palikuwa na kidonda kilichovimba pembeni, na katikati cheusi tii kama kaa la moto lililozimika.

"Kinauma?" muuguzi akauliza.

"Hapana. Hakiumi hata kidogo."

Alirudi nyuma hatua. "Umebeba nini hapo? Ng'ombe?"

"Pongo."

"Alikufa namna gani?"

Mume wangu akafungua mdomo, na Mungu ananisikia, akaanza. Mbwa walinusa. Pongo akageuka kwenye korongo. Mikono yake ikaanza kuinuka yenyewe kuonyesha mkuki. Mama alikuwa amefumba macho pale kitandani, anahema kwa shida, na mwanawe anamweleza muuguzi alivyoteleza na kuinuka!

"Nyamaza!" nikamfokea. Sijawahi kumfokea hivyo mbele ya watu, na sijawahi tena. "Mbwa hawakuhema hata mmoja! Shimo halina damu! Huyu ni mama yako yuko anakufa, weye, sema!"

Alinitazama kama mtu niliyempiga kofi. Akaketi sakafuni kando ya kitanda.

"Nilimukuta amelala," akasema. "Chini ya mti. Alikuwa angali na joto. Hakukuwa na mutego, hakukuwa na kitu. Nikamuchoma mkuki akiwa amekufa." Alikuwa analia sasa, mtu mzima, kamasi zinamtoka. "Frigo ilikuwa tupu, mama. Nilikuahidi."

Muuguzi hakusubiri zaidi. Alituuliza nani mwingine amekula. Hakuna, nikasema, nyama ilikuwa ingali inalala. Aliuliza nani amegusa. Nikamwonyesha mikono yangu. Alisema ni ugonjwa uleule unaoua ng'ombe huko juu, akatugawia dawa sote, na kumtuma mtu aite watu wa mifugo, na ni wao waliokuja na chokaa na petroli. Sponji ya frigo ilitoa moshi mweusi ulioonekana hadi ziwani. Shingo ya mume wangu ilipona. Ina kovu, na havai shati lenye kola.

Lakini pale kitandani, mwanawe alipokiri hivyo, mama alifumbua macho. Alinyoosha mkono akamshika kichwa, kwenye nywele, kama anamnyoa.

"Mama, ulijua?" akamuuliza.

"Nimekula maini tangu niko mutoto," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, niliinama kuisikia. "Ile haikuwa ya mukuki."

"Sasa ulikula ya nini? Mama! Ulikula ya nini?"

"Watu walikuwa wamejaa," akasema. "Na weye ulikuwa umefurahi."

Ndugu walifika siku ya Mungu kama walivyoalikwa, na nguo zao nzuri, wakakuta matanga. Niliwapikia samaki. Wakamsindikiza mama kumrudisha kwao Ruzizi, na mume wangu akatembea nyuma ya jeneza, hakuna aliyemuuliza kitu.

Maneno hayo kuhusu watu kujaa hayakuwa ya mwisho, ingawa ndugu wanapenda kusimulia hivyo. Mimi nilikuwepo. Mume wangu aliendelea kulia, uso ameuficha kwenye shuka, na mama akaendelea kumpapasa kichwa, akavuta pumzi mara moja, mara nyingine, akitafuta nguvu.

"Basi," akamwambia. "Sasa nimesikia."